Iarla Ó Lionáird: amefunzwa kuimba peke yake, akaishia kuimba na kila mtu (na Mjaluo mzaliwa wa Mombasa yumo humo)

Kibatari (mleta uzi)

Wakuu, salaam.

Nina tabia moja inayomkera mke wangu: filamu ikiisha siinuki. Nasoma majina mpaka lile la mwisho kabisa. Yeye ameshashika rimoti, mimi nasema ngoja kwanza, bado hawajataja wapiga muziki.

Ndivyo nilivyoingia kwenye habari hii. Nilikuwa narudia Hotel Rwanda, ile ya 2004. Muziki wa ile filamu umetungwa na watu kadhaa, na kati yao limo jina la kundi, Afro Celt Sound System. Nikajiuliza, hawa ni akina nani, na Rwanda wamefikaje? Nikatafuta albamu yao ya kwanza, Volume 1: Sound Magic ya 1996, nikaanza tena na mchezo wangu wa majina. Nikakuta mawili yaliyoninyima usingizi. La kwanza Iarla Ó Lionáird, mwimbaji wa Ireland. La pili Ayub Ogada, Mkenya, mpiga nyatiti, ile ala ya nyuzi ya Wajaluo.

Ayub nitamwachia mtu wa Nyanza anayemjua vizuri kuliko mimi. Leo namleta Iarla. Jina lisiwape tabu, linasomeka karibu hivi: Iirla O Linaad.

Kazaliwa 1964 Cúil Aodha, kijiji kilichoko magharibi mwa kaunti ya Cork. Ni moja ya maeneo machache ambako watu bado wanaongea Kiayalandi nyumbani na dukani. Hapo kuna jambo la kuelewa kwanza, la sivyo mengine yote hayatanoga. Muziki wa Ireland tunaoujua wengi ni ule wa fidla na filimbi, wa kuruka na kugonga viatu. Lakini wana uimbaji mwingine, mkongwe, unaoitwa sean-nós (tamka shan-noos), maana yake namna ya kale. Mtu mmoja tu, hana ala, hana mapigo. Hakuna wa kumwitikia. Mwimbaji anautwaa ubeti, anaurefusha anapotaka, anaukata anapotaka, sauti anaipindapinda katikati ya neno kama mtu anayesokota ukili. Uso hausemi kitu. Hakuna kunyoosha mikono kwa mbwembwe. Wengine wakifika mstari wa mwisho hawauimbi, wanausema tu kwa sauti ya kawaida, kisha wanakaa kimya kama vile hakuna kilichotokea.

Iarla kanyonya hiyo utotoni. Bibi yake mmoja, Elizabeth Cronin, watu wakimwita Bess, alikuwa mwimbaji wa kuheshimika. Alan Lomax, Mmarekani aliyezunguka dunia na mashine ya kurekodia, alimfuata 1951 kumrekodi. Sasa weka na hili: miaka ya 1960 alihamia kijijini hapo Seán Ó Riada, mtunzi mkubwa kuliko wote Ireland kwa wakati ule. Akaunda kwaya ya wanaume wa kijiji, wakulima wa kawaida, wakawa wanaimba misa aliyoitunga kwa Kiayalandi. Ó Riada akafa 1971, miaka 40 tu. Kwaya akaishika mwanawe Peadar, kijana mbichi wakati huo, na Iarla akakulia humo. 1978, akiwa na miaka 14, akarekodi wimbo unaoitwa Aisling Gheal. Utafuteni. Ni mtoto, lakini unasikia sauti ya mtu aliyezika watu.

Hapo ndipo ninapoanzia hoja yangu. Mtu aliyefundwa hivyo, kwamba wimbo ni wewe na pumzi yako basi, ungetegemea azeeke kijijini akiimba misani na kwenye mashindano ya lugha. Badala yake huyu bwana ndiye pengine aliyeshirikiana na watu wa aina nyingi kuliko mwimbaji mwingine yeyote wa sean-nós: midundo ya kompyuta, kora (ala ya nyuzi ya Afrika Magharibi) za Guinea, piano ya New York, opera, sinema. Mimi naona sababu ni ileile ya upweke wake. Wimbo ambao haudai ala yoyote unaweza kukaa na ala yoyote. Swali ni nani anamsubiri mwenzake.

Naenda kwa vipande, mnivumilie.

Afro Celt ilianzia kwa Simon Emmerson, Mwingereza mpiga gitaa na mtayarishaji. Alikuwa Senegal akifanya kazi na mwimbaji wa kule, Baaba Maal, akaanza kusikia kitu kinachofanana kati ya nyimbo za kule na za Ireland. 1995 wakakusanyana kwenye studio za Real World, za mwanamuziki wa Uingereza Peter Gabriel, kijiji cha Box huko Wiltshire. Wakatoka na albamu. Baadaye akajiunga N'Faly Kouyaté kutoka Guinea na kora yake. Mpiga kinanda wao Jo Bruce alifariki ghafla 1997, wakiwa njiani kuitengeneza ya pili. Kundi lilitikisika. Mwimbaji wa Ireland Sinéad O'Connor akaja studio kuwasaidia kuimba msiba huo, na albamu ikaitwa Volume 2: Release, ikatoka 1999. Ya tatu, ya 2001, ina Peter Gabriel mwenyewe na Robert Plant, yule mwimbaji wa Led Zeppelin.

Nikiri: mimi Afro Celt nawapenda kwa gari tu, nikiwa Chalinze saa nane usiku nataka nisisinzie. Iarla mle ndani ni kama mtu aliyevalishwa koti la mwenzake. Midundo inakwenda, hairudi nyuma, yeye inabidi aingie mlangoni wakati mlango uko wazi. Anaimba vizuri, ndiyo, lakini ule uhuru wa kurefusha ubeti umekufa.

Albamu yake mwenyewe ya kwanza, The Seven Steps to Mercy, 1997, kaitengeneza na Michael Brook wa Kanada. Hapo wanamfuata yeye. Sauti nyingine ziko nyuma, zinanguruma kama mashine ya barafu usiku, yeye yuko mbele anatembea anavyotaka. Zikafuata Invisible Fields ya 2005 na Foxlight ya 2011.

Halafu The Gloaming. Jina maana yake ule wakati wa magharibi kiza kinapoanza kutanda. Walianza kuonekana jukwaani 2011, watu watano: Iarla, Martin Hayes, fidla, mtu wa kaunti ya Clare, Dennis Cahill, gitaa, mzaliwa wa Chicago wa wazazi wa Kiayalandi, Caoimhín Ó Raghallaigh na fidla yake ya ajabu yenye nyuzi kumi, tano anazipiga, tano ziko chini yake hazigusi, zinalia zenyewe kwa kuamshwa na za juu, na Thomas Bartlett, Mmarekani, piano. Albamu ya kwanza ilitoka 2014, ikachukua tuzo ya Choice ya albamu bora ya mwaka Ireland. Mle kuna Opening Set, dakika zaidi ya 16. Inaanza kama mtu anayetafuta swichi gizani, na mwisho wake huwezi kukaa kitini.

Nasimama hapo, chakula kimeiva. Nitarudi.

---

Kapuku

Siti ya mbele kabisa. Mkuu kula haraka urudi.

---

Chuma Ulete

Uzi mzuri, lakini naomba kutofautiana na mleta mada mapema.

Hizi "kolabo" za Wazungu na Waafrika ni biashara ya miaka ya tisini. Anachukuliwa mpiga kora, anachukuliwa mwimbaji wa kijijini, wanawekewa kompyuta katikati, mnunuzi wa London anajisikia amezunguka dunia bila viza. Huyo Iarla kama kweli ana urithi wa bibi yake, angekaa nao. Kuna watu kule kwao wanaimba hivyohivyo hadi leo na hakuna anayewajua, kwa sababu hawakukubali kuwekewa midundo. Mimi hao ndio nawavulia kofia.

---

Kibatari

Chuma Ulete, nusu nakubaliana na wewe, na ndiyo maana nimesema mwenyewe Afro Celt ni za gari.

Ila hilo la "angekaa nao" ni jepesi. Ó Riada aliyewapa kwaya hakuwa mshamba wa kijijini, alikuwa mtunzi aliyesoma, aliyeandika muziki wa okestra kwa filamu. Ndiye aliyewakusanya wapigaji wa kienyeji akawakalisha kama okestra ndogo, Ceoltóirí Chualann, na humo ndimo alimotoka Paddy Moloney na kundi lake maarufu la muziki wa kienyeji, The Chieftains. Kwa hiyo huo urithi aliokulia Iarla ulikuwa umeshachanganywa kabla hajaota meno. Aliyemlea ndiye aliyemfundisha kwamba vya kale vinaweza kukaa meza moja na vya leo.

Na sikiliza alichofanya na Donnacha Dennehy. Huyu ni mtunzi wa Dublin, mtu wa muziki wa kisasa mgumu, na kundi lake Crash Ensemble. Alimketisha Iarla akamrekodi, kisha akaichunguza ile sauti yenyewe, ile milio midogo iliyojificha ndani ya noti moja, akaitumia kujengea muziki wa wapigaji wote. Kazi inaitwa Grá agus Bás, Mapenzi na Kifo, albamu ilitoka 2011. Na wimbo ulioko chini yake ni uleule Aisling Gheal aliourekodi akiwa na miaka 14! Yaani safari hii mwimbaji hakuvishwa koti. Koti lilishonwa kwa kumpima yeye.

Hawa wawili walifanya kazi nyingine, The Hunger, juu ya njaa kuu ya Ireland ya 1845 hadi 1852, viazi vilipooza shambani na watu wapatao milioni 1 wakafa. Kuna mwanamke wa Kimarekani, Asenath Nicholson, aliyetembea nchi nzima wakati ule akaandika aliyoyaona. Maneno yake yanaimbwa na soprano, Katherine Manley, kwa Kiingereza. Upande wa pili yupo Iarla, kwa Kiayalandi. Mmoja anaeleza njaa, mwingine ndiye njaa. Nimeisikiliza mara mbili tu. Ya tatu sijapata moyo.

---

Nyar Ahero

Hamjambo nyote. Nimeitwa bila kutajwa jina, "mtu wa Nyanza". Nimefika.

Ayub Ogada jina lake la shule lilikuwa Job Seda. Alizaliwa Mombasa 1956, nyumba ya Wajaluo, wazazi wakiwa wanamuziki. Wewe Kibatari unayependa kusoma majina, hebu rudia Out of Africa ya 1985 uangalie waigizaji. Utamkuta humo, Job Seda, ameigiza kama Kanuthia. Ni huyohuyo.

Kabla ya hapo alikuwa Nairobi na African Heritage Band. 1986 akavuka kwenda Uingereza na nyatiti, na London akawa anapiga barabarani na kwenye stesheni za treni za chini, watu wakitupa sarafu. Hapo ndipo watu wa WOMAD, lile tamasha la muziki wa dunia, walimwona. 1993 Real World wakatoa albamu yake En Mana Kuoyo, na humo ndimo ulimo Kothbiro, yaani mvua inakuja. Wimbo huo wenyewe ni wa zamani, aliuimba miaka ya sabini na kundi la Black Savage. Ukasikika tena kwenye The Constant Gardener 2005, dunia nzima ikalia bila kujua inaambiwa watoto warudishe ng'ombe nyumbani mvua inakuja.

Sasa basi. Mleta uzi amesema Iarla alivalishwa koti la mwenzake. Na Ayub je? Nimeisikiliza hiyo Sound Magic nikiwa na spika za masikioni, nikitafuta nyatiti. Nyatiti ina nyuzi nane. Mpigaji hakai kama mpiga gitaa, anakaa chini kwenye kigoda kidogo, ala imelala ubavuni, na kidole gumba cha mguu wa kulia kimevaa pete ya chuma. Vidole vya mkono vinachezea nyuzi, ile pete inagonga ukingo wa ala, na njuga za mguuni zinaitikia. Ni mtu mmoja lakini ni bendi nzima. Jirani yetu Ahero alikuwa nayo, mzee mmoja, pete yake ilikuwa imekwangua ukingo wa mbao mpaka kumetokea kishimo. Tulipokuwa watoto tulikuwa tunaingiza kidole mle.

Katika muziki wa Afro Celt nyuzi nazisikia. Pete siisikii. Kazi ya pete imefanywa na mashine. Hilo ndilo langu, sina ugomvi na Iarla. Mtu aliyeimba bila mapigo akapewa mapigo, na mtu aliyekuja na mapigo yake mguuni akanyang'anywa. Wote wawili walikuwa wageni kwenye nyumba ya mtu mwenye kompyuta.

Ayub alirudi nyumbani 2007, akaishi Nyahera nje ya Kisumu. Alifariki Februari 2019. Wengi wa rika langu tulimjua baada ya sinema, si kabla. Hiyo ni aibu yetu wenyewe, siwezi kumbebesha Mzungu.

---

Chuma Ulete

Nyar Ahero umenimaliza. Hilo la pete sikuwa nimelifikiria kabisa. Nafuta nusu ya bandiko langu, nusu nyingine inabaki.

---

Mzee Kinubi

Vijana, mimi nimepiga fidla kwenye taarab miaka zaidi ya thelathini. Nimesoma uzi wote kwa miwani ya kuazima.

Nyar Ahero, hiyo ya pete ni kweli tupu, mwanangu. Ila kuna jambo nataka kumuuliza Kibatari. Umesema mwimbaji wa namna hiyo hana mapigo. Sasa hao The Gloaming wanampigiaje? Sisi mwimbaji akichelewa, mpiga dumbaki anamwangalia mdomo. Lakini lazima kuwe na kipimo mahali, hata kama hakisikiki. Mtu hawezi kupiga piano juu ya hewa.

---

Kibatari

Shikamoo mzee. Swali lako ndilo lililonifanya niandike uzi huu, sema sikujua namna ya kulileta.

Nimekaa na ile albamu yao ya kwanza nikihesabu kwa vidole. Huyu Bartlett wa piano hafanyi kazi tunayoitegemea kwa piano. Hapigi mdundo, anadondosha noti moja, anaiacha ife. Wakati mwingine anaingiza mkono ndani ya piano anazizima nyuzi zenyewe, ikatoka sauti kavu kama kugonga mlango. Dennis Cahill naye alikuwa mpigaji wa gitaa mchache wa maneno kuliko wote niliowahi kusikia. Amepiga na Martin Hayes tangu Chicago miaka ya themanini, na albamu yao ya 1997, The Lonesome Touch, nusu ya uzuri wake ni vile Cahill asivyopiga. Kwa hiyo Iarla akianza, hakuna anayempa kipimo. Wanamwangalia pumzi. Akivuta pumzi, nao wanavuta. Kipimo kipo, mzee wangu, ila kiko kifuani mwa mwimbaji, hakiko kwa mpiga ngoma.

Mambo yanabadilika zinapoingia fidla za kucheza. Hapo Hayes anashika usukani. Baba yake, P.J. Hayes, alikuwa kiongozi wa Tulla Céilí Band, bendi ya kuchezesha watu dansi, kwa hiyo mapigo yako kwenye damu. Uzuri wa kundi lile ndio huo, wimbo usio na mapigo unakabidhiwa taratibu kwa muziki wenye mapigo, na husikii mahali pa kiungo.

Cahill alifariki 2022. Albamu yao ya tatu ya studio ni ya 2019.

---

Mzee Kinubi

Marahaba. Umejibu. Kumsikiliza mwimbaji pumzi ndiyo fidla yenyewe, mengine ni kupaka mafuta upinde.

---

Mama Tausi

Habari za usiku wapendwa. Niko Cork mwaka wa tisa, nalea wazee kwenye nyumba ya kutunzia. Huyo Iarla simjui uso kwa uso, lakini hicho mnachokizungumza nimekiona kwa macho.

Tulikuwa na mzee mmoja, mtu wa mashambani huko huko magharibi. Kasahau majina ya watoto wake. Kiingereza kilianza kumtoka, kikabaki Kiayalandi, na sisi wafanyakazi wengi hatukijui. Jioni moja nambadilisha shuka, akaanza kuimba. Polepole sana. Akanishika mkono, hivi, kiganja kwa kiganja kama mnasalimiana, akawa anauzungusha mkono wangu mduara mdogomdogo, kama mtu anayekoroga uji. Nikadhani anataka kuinuka, nikataka kumwinua. Akatikisa kichwa. Nikakaa kitandani. Akaimba beti nyingi tu, sijui ngapi, mkono unazunguka. Mwisho hakuimba, alisema tu maneno mawili matatu kwa sauti ya kawaida, akaniachia mkono, akageukia ukutani.

Nilimsimulia dada mmoja mwenyeji kazini, akaniambia ndivyo inavyofanywa tangu zamani. Mwimbaji akizama sana kwenye wimbo, aliye karibu anamshika mkono anauzungusha pamoja naye, asiwe peke yake. Na kweli baadaye nikaona baa moja ya mjini, watu wanapiga kelele, mama mmoja akaanza kuimba akiwa amekaa tu kitini. Aliyekuwa anamimina bia akafunga bomba glasi ikiwa nusu. Hakuna aliyesema "shhh". Kimya kilikuja chenyewe.

Kwa hiyo Kibatari nikusahihishe kidogo kaka yangu. Umeandika kwamba ni uimbaji wa mtu mmoja peke yake. Anayetoa sauti ni mmoja, ndiyo. Lakini mkono si wa mmoja.

---

Kibatari

Dada, nimesoma hiki nikiwa kazini, nikaenda kusimama nje kidogo.

Umenibomolea hoja na umenijengea nyingine. Nilikuwa nasema alifundwa upweke, kisha akashirikiana na watu kwa sababu wimbo wake hauhitaji mtu. Kumbe tangu mwanzo kulikuwa na nafasi ya mtu wa pili, yule anayeshika mkono na hatoi sauti. Sasa naona Cahill na Bartlett walikuwa wanafanya nini.

Kimebaki kipande kimoja, nikimalize. Kwenye filamu Brooklyn ya 2015, ile ya msichana wa Ireland anayehamia Marekani miaka ya hamsini, kuna siku ya Krismasi kanisani wanawalisha wazee maskini wa Kiayalandi. Wanaume waliochimba mahandaki na kujenga madaraja ya New York, sasa hawana mtu. Mmoja anasimama anaimba. Ndiye Iarla. Hana ala, hana bendi, na kamera inatulia tu. Mtu ambaye miaka 20 nyuma alikuwa anaimba juu ya midundo ya kompyuta, hapo amerudishwa kwenye sauti yake tupu, na ndipo watu wengi zaidi duniani walipomsikia.

Wimbo ni Casadh an tSúgáin, Kusokota Kamba ya Nyasi. Una kisa chake. Kijana amekuja kuchumbia, mama wa binti hamtaki, lakini adabu hairuhusu kumfukuza mgeni. Akampa kazi: nisaidie kusokota kamba ya nyasi. Mama ameketi analisha nyasi, kijana anasokota, na kamba kadiri inavyorefuka msokotaji inabidi arudi nyuma. Hatua moja, nyingine, nyingine. Akavuka kizingiti bila kujua. Mama akafunga mlango.

Sasa fikiria unawaimbia hicho wanaume waliovuka bahari na hawakurudi.

---

Chuma Ulete

Nusu iliyobaki nayo nafuta. Huyo mama wa kamba lakini ni noma, angefaa kuwa mkwe wangu, tungeheshimiana.

---

Nyar Ahero

Kibatari, kabla uzi haujalala, nikuongezee jina la kusoma mwisho wa filamu. Hiyo Hotel Rwanda uliyoanzia, angalia waimbaji. Yumo Dorothée Munyaneza, mzaliwa wa Kigali aliyeondoka 1994 akiwa msichana, akakulia Uingereza. Baadaye akaimba pia kwenye Anatomic ya Afro Celt, 2005. Siku hizi anatengeneza kazi za dansi huko Ufaransa. Kwa hiyo swali lako la kwanza, "Rwanda wamefikaje", jibu ni kwamba Rwanda ilikuwa imeshafika kwao.

---

Kibatari

Naam! Leo rimoti naificha mapema.

---

Kapuku

Wakuu mimi nimebaki kwenye kamba. Yule kijana alipofungiwa nje, kamba ilibaki mkononi mwake au kwa mama?

---

Mama Tausi

Mwanangu, ncha moja kwake, ncha moja kwa mama, mlango katikati.